Kioo cha Upande wa Kushoto

4 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Kuna sauti moja imenikaa masikioni tangu nikiwa na meno ya utoto. Siku ulipoondoka kwetu ulisimama mbele ya karakana yetu ya vioo, begi mgongoni, ukagonga kioo cha dirisha kwa ukucha, mara moja tu. Kikalia, sauti nyembamba iliyochelewa kuisha. Ukasema, "Kizima," ukageuka, ukaenda zako. Wengine huaga kwa machozi. Wewe ulikagua kioo. Wiki hii nimeisikia tena sauti ile kwenye kioo kingine, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hapa tunaendelea. Paa halivuji tena. Paka wa jirani amezalia ndani ya kabati letu la viatu, kwa hiyo naenda kazini na ndara mpaka watoto wafumbue macho. Maabara ni ile ile. Napima maji ya mji mzima na sijui kama kuna anayeyanywa bila kulalamika.

Baba amerudi kutoka hospitali. Kiharusi hakikuchukua ulimi, na mguu unambeba akishikwa. Kilichochukuliwa ni kigeni kuliko hivyo: upande wa kushoto umefutika kichwani mwake. Jicho linaona, ila yeye hana habari kwamba kuna kushoto. Anakula nusu ya sahani iliyo kulia, kisha ananuna kwamba nampunja. Nikiizungusha sahani anashtuka, "Hiki nacho kimetoka wapi?" Ananyoa nusu ya uso na kuridhika kabisa. Juzi alijipiga bega kwenye mlango alioupita maisha yake yote. Mama wa mazoezi, anayekuja kumnyoosha viungo, amesema wazi: asipojifunza kugeuka kushoto kwa hiari yake, hatatembea peke yake tena, maana nusu ya dunia itakuwa inamgonga.

Sasa jambo langu. Nimenunua tangi la samaki la mtumba kwa mwanamke aliyekuwa anahama. Ni refu, lina fremu nyeusi ya plastiki juu na chini. Nataka kuiondoa fremu, kioo kibaki peke yake na maji yaonekane mpaka juu. Ni kwa ajili yangu. Unajua sipendi vitu vilivyofungwafungwa. Nitaliweka ukutani, kushoto kwa kitanda. Fundi wa mtaani ameniambia, "Vuta tu, itatoka." Jibu hilo limeninyima usingizi. Nifundishe.

Mwanao wa maabara


27 Februari

Mwanangu msomi, marahaba.

Nimefurahi kupata barua yenye mwandiko. Usinipigie simu, simu yangu ni ya wateja, na kwenye simu watu husema upesi wasichokusudia. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Nimevaa miwani. Nimekata vioo miaka yote, leo navibeba viwili puani. Wateja wanacheka, nami nawaongezea bei.

Aliyekuambia vuta tu, mwambie avute masikio yake. Fremu ya juu si urembo, mwanangu, ni mshipi. Maji hayalali, yanausukuma ukuta wa kioo mchana na usiku, na mshipi ndio unaozuia tumbo lisitoke. Mwenye kiwanda akishaweka mshipi, anajiruhusu kutumia kioo chembamba. Kwa hiyo kabla ya kuvua kitu chochote, pima unene wa kioo, kimo cha tangi na urefu wake, uniandikie.

Ukiamua kuvua, vaa glavu na miwani ya kazi. Laza tangi juu ya blanketi. Pitisha wembe mpana kati ya plastiki na kioo, ukate silikoni, ile gundi ya mpira, polepole, ndani na nje. Bisibisi isikaribie hapo. Plastiki ikikaidi, ipashe kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha ikate katikati ya upande. Pembeni usilazimishe kitu. Pembe ndiyo roho ya tangi. Ukingo wa kioo ukiwa wazi utakuwa mkali, usugue kwa msasa na maji, usisugue mkavu, vumbi la kioo si la kuvuta. Fremu ya chini usiiguse. Kioo cha sakafu kimekalia humo, na isitoshe, aliyelala haioni.

Unasema ni kwa ajili yako. Nyumba hiyo nimeishi. Chumba chenye ukuta mtupu kushoto kwa kitanda ni kimoja, na si chako.

Mwenye chumba hicho sijamuulizia. Ila niambie, kutoka kwenye mto mpaka kwenye kioo kuna umbali gani?

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi, shikamoo, na pole ya goti.

Paka wamefumbua macho. Viatu vyangu vimerudi vikiwa na harufu isiyoelezeka. Mama wa mazoezi anakusalimu bila kukujua; nimemwambia nina shangazi anayefundisha kwa barua, akasema basi angalau mmoja katika ukoo huu anafundishika.

Umenikamata. Tangi ni la Baba. Kutoka kwenye mto mpaka kwenye kioo ni mkono wangu mmoja ulionyooshwa.

Sikusema kwa sababu niliogopa ungekaa kimya. Nilianza kwa kuliweka lilivyo, na fremu yake, samaki wachache wekundu ndani. Nikamwambia, "Baba, kushoto kuna wageni." Aligeuka! Kichwa kilikwenda kama mlango wenye bawaba kavu, lakini kilikwenda. Akatazama kidogo, akasema, "Nani amekifunga kioo kwenye jeneza?" Akarudi zake kulia, na tangu hapo hakugeuka tena, hata kwa kubembelezwa. Nililala kwenye mto wake nione anachokiona. Macho yake yanakutana na ule utepe mweusi, pale pale uso wa maji ulipo. Samaki wako chini ya giza. Mtu aliyekata vioo tangu utotoni huwezi kumgeuza kwa plastiki.

Kwa hiyo nimeivua. Nilihamisha samaki kwenye beseni, nikafanya uani, juu ya mablanketi mawili, na kila ulichosema nilikifuata. Upande mmoja ulinichosha mpaka nikaongea na wembe. Pembe hazikuguswa. Nimeziongezea silikoni ndani, ile isiyo na dawa ya ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Sasa uani kunanuka siki kama jikoni kwa mpishi aliyekata tamaa.

Vipimo: kioo ni milimita sita. Urefu wa tangi ni mita moja na kidogo, kimo ni nusu mita. Nimepiga hesabu ya msukumo wa maji. Kinachotisha zaidi ni kimo. Kina kikipungua kidogo, msukumo unapungua sana. Hesabu yangu inasema tuko mpakani. Lakini nimegonga kila upande kwa ukucha, na kote kunalia vizuri.

Silikoni ikikauka nitajaza.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Usijaze mpaka juu.

Kugonga kunakuambia kioo hakina ufa. Hakukuambii kina nguvu kiasi gani. Hilo ni kosa la nyumba yetu, tulilirithi kwa marehemu babu yako, aliyegonga kila kitu, hadi mayai. Kioo chembamba kizima kinalia vizuri kuliko kinene.

Hesabu yako ni sahihi, na mpakani si mahali pa kuweka tangi kando ya mtu aliyelala. Jaza uani, si chumbani. Jaza nusu, uliache siku kadhaa. Kisha tandaza uzi kutoka pembe hadi pembe kwenye uso wa kioo cha mbele, ukikaza. Kama katikati kioo kinausukuma uzi, lina tumbo. Liwe juu ya meza isiyoyumba, sawasawa kwa pima maji.

Mkono ulionyooshwa ni karibu mno kwa kioo kisichoaminika.

Mimi sijambo. Nijibu upesi.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika leo. Tangi nililijaza juzi.

Hakuna aliyeumia. Nimeandika hilo kwanza ili uendelee kusoma umekaa.

Nililijaribu uani kwa nusu, likatulia, nami nikaona inatosha. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka. Baba alikuwa ameanza kuniambia nimpelekee chakula "kidogo tu", akiwa amekata tamaa na ile sahani yake ya nusu. Nikaliingiza chumbani, nikalijaza mpaka ukingoni. Niligonga. Likalia. Nikasema, "Kizima," kwa sauti yako kabisa, na nadhani nilijipenda kidogo.

Samaki nilikuwa sijawarudisha. Kulikuwa na maji tu na mwanga wa dirisha ukipita ndani yake na kucheza ukutani. Nilikuwa nakusanya ndoo pembeni na kunyamaza makusudi. Baba akageuka. Sikumwita, Shangazi. Kichwa kwanza, halafu bega, halafu mwili wote ukajiburuta juu ya shuka mpaka akawa analiangalia tangi uso kwa uso. Akakaa hivyo. Nilishika ndoo kifuani kama mjinga.

Kisha akasema, "Kioo kimetoa tumbo."

"Hapana Baba, nimeligonga, ni zima."

"Nani amekuuliza uzima? Leta uzi."

Nilileta uzi. Katikati kioo kilikuwa kimeusukuma kiasi cha unene wa ukucha. Kwa jicho langu hapakuonekana kitu. Yeye alikiona akiwa kitandani, kwa upande ambao hakuwa nao. Akaniambia nitoe maji kwa mpira kupitia dirishani, polepole, nisimimine. "Na utoke mbele yake! Ukisimama hapo kitakukata tumbo lako nalo." Alinigombeza muda wote maji yakitoka. Miezi mingapi sijagombezwa namna hiyo! Bustani ya jirani imelowa, na jirani naye alikuwa na la kusema.

Tangi lilipobaki tupu nilimuuliza, "Sasa tufanyeje? Nirudishe fremu?"

Alifunga macho. Nikadhani amelala. Akasema, "Muulize dada."

Basi nakuuliza.

Mwanao


20 Mei

Shangazi, shikamoo.

Hujajibu, nami sijui niandike nini ambacho sijaandika. Nitakupa habari tu.

Tangi bado ni tupu, limekaa pale pale. Nilitaka kuliondoa, Baba akakataa. Anageuka kulitazama, asubuhi na jioni, kama fundi anavyoitazama kazi iliyomshinda. Mama wa mazoezi amesimamisha upande wake wa kushoto kikombe, kitana, redio, vyote havioni. Tangi analiona. Siku nyingine jicho likitoka kwenye tangi hupitia kwenye kikombe na kukikuta, akakichukua. Sahani sasa inaliwa hadi robo tatu. Ndevu bado ni vita.

Mtu wa posta akipita, Baba anauliza, "Amejibu?" Hasemi nani. Nikisema bado, anageukia kulia, na siku hiyo hageuki tena.

Sikulaumu. Nimekuambia tu inavyokuwa.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu mpenzi, marahaba.

Nimechelewa. Wateja walikuwa wengi, goti lilikuwa baya, na mvua imeharibu barabara. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonizuia.

Nitakuambia mara moja, kisha tuendelee na kazi. Tulijifunza kioo meza moja, mimi na huyo. Mzee wetu alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa nakata vioo vya nusu ya mji huo. Asubuhi moja nikafika kazini nikakuta kibao kipya juu ya mlango: Baba na Kijana Wake wa Kiume. Nilimuuliza huyo kijana wa Mzee mimi ni nani. Akasema, "Ni kibao tu, dada." Basi. Kibao tu. Nikagonga dirisha, nikaondoka. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na pengo lako la meno mawili, na ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikukubeba hata kidogo nikakuaga.

Sasa kazi. Fremu usiirudishe. Basi la mizigo litakuletea kasha kubwa la mbao. Lipokee wewe mwenyewe, usimtume mtu. Ndani kuna vipande vya kioo, milimita nane, nimevikata upana wa vidole vinne. Viwili virefu ni vya mbele na nyuma. Kimoja kifupi ni cha ubavu wa kulia. Vinagandishwa bapa kwa silikoni ndani ya ukingo wa juu, vikizunguka tangi kama mshipi, lakini mshipi wa kioo, mwanga unapita. Aliyelala hataona kitu cheusi. Na maji yasipande mpaka juu: yaishie kiganja kimoja chini ya ukingo. Inua meza kwa kiasi hicho hicho, uso wa maji utabaki usawa wa macho yake. Hiyo ni hesabu yako, mimi nimeikubali tu.

Kipande cha ubavu wa kushoto sikukikata. Kilinivunjikia mara mbili, na kioo kikikuvunjikia mara mbili siku moja, unaacha. Nimeweka kioo kizima, nimechora mstari. Kata wewe. Almasi yangu ya kukatia imo humo, ile ya mpini wa mbao. Pitisha mara moja tu bila kurudia.

Yeye asiguse. Nasema hivi kwa uzito. Mkono usiojijua haukai karibu na kioo.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi yangu, shikamoo.

Kasha limefika salama, hakuna kilichochubuka. Mwenye basi aliniuliza kama nimebeba dirisha la ikulu. Paka mmoja amebaki kwetu. Wengine wamepata kwao. Anakaa juu ya vifuniko vya beseni kulinda samaki, au ndivyo ninavyojiambia.

Nilivifungulia vipande chumbani kwa Baba kwa sababu ndiko kuliko na meza ndefu. Alivitazama kimoja kimoja. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kile kirefu, mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Mkono wake haujazeeka." Nikamsomea barua yako yote. Hukunikataza. Nilipofika kwenye kibao nilisimama, akaniambia, "Soma." Nikasoma.

Nikaanza kukunja makaratasi ya kufungia. Kisha akasema, hakuniangalia mimi, aliliangalia tangi: "Yeye ndiye alikuwa anakata. Mimi nilikuwa nabeba. Mtu akijua kubeba tu, anaogopa anayejua kukata." Nikamuuliza kama anataka niandike hivyo. Akasema, "Andika. Usipambe."

Sijapamba.

Virefu viwili na kile cha kulia vimegandishwa, nimevibana kwa mbao na nguo mpaka vikauke. Vimekaa kama vilizaliwa hapo. Meza nimeinua. Kikabaki kipande cha kushoto, na kioo chako chenye mstari, na almasi yako. Nikaishika almasi.

"Lete," akasema Baba.

"Shangazi amekataa."

"Nimesikia. Nilikuwepo ukisoma."

Nilifikiri sana, Shangazi, na nataka ujue sikuongozwa na huruma. Nilikumbuka kwamba mama wa mazoezi amehangaika tangu mwanzo wa mwaka kuupata mkono wa kushoto ufanye kitu ambacho mwenyewe anakitaka. Nikajiuliza ni kitu gani kingine duniani mtu huyu anakitaka kwa mkono huo. Sikupata. Nikamwita mama wa mazoezi. Akaja, akakiona kioo, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Ukoo wenu una wazimu wa aina moja." Halafu akasema tukifanya, tufanye mbele yake.

Nilifunika kingo zote za kioo kwa utepe wa kitambaa. Nilimvalisha glavu za ngozi mikono yote miwili, na miwani. Rula niliifunga sponji chini isiteleze. Mkono wake wa kushoto niliuweka juu ya rula mimi mwenyewe, na ukateleza ukaanguka. Nikauweka tena. Ukaanguka. Mama wa mazoezi akasema, "Mzee, uangalie. Hautakaa kama huuangalii." Akageuza kichwa, akautazama mkono wake kama mtu anayemtambua jamaa kwenye umati. Ukakaa. Alikuwa anatoka jasho. Almasi ikapita mara moja, bila kurudi. Mimi nilikivunja kioo kwa kukikandamiza ukingoni mwa meza, kwa sababu hapo niliogopa, na yeye hakubisha.

Hakikutoka sawa. Kimepinda, upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine; ukikiweka karibu na vyako kinaonekana kama mtoto wa jirani kwenye picha ya familia. Nimepima. Ubavu ndio mfupi, hausukumwi kama mbele na nyuma, na mahali pake pembamba kabisa bado panatosha. Mama wa mazoezi alishauri tukate kingine. Baba alikuwa anakitazama tu.

Najua ulikataza, na najua ungekata kipya kwa dakika moja. Lakini nimeshakigandisha, Shangazi, na silikoni imeshakauka, na maji yamo, kiganja kimoja chini ya ukingo. Uzi umenyooka. Kama kipande hicho kinakukera, njoo na wembe wako ukibandue kwa mkono wako. Kitanda changu nimeshakitandika shuka safi kwa ajili yako, na mimi nimehamia sebuleni.